Viporo vya Goma

Mwulize shabiki wa Dar es Salaam timu yake inaendeleaje, atakutajia pointi. Wa Goma atakuuliza kwanza: unataka habari za uwanja wa mpira au za uwanja wa ndege?

Nilifika huko mwanzoni mwa Februari 2024, majira ambayo kila mpenda soka hugeuka mhasibu. Mzunguko wa kwanza umekwisha au unaelekea ukingoni, dirisha dogo limefungwa, na waliosajiliwa kwa mbwembwe wameanza kuulizwa mabao yako wapi. Mimi ni Mwananchi wa Jangwani, shabiki wa Yanga, na msimu ule tulikuwa tunatembea kifua mbele. Novemba 5, 2023 tulimpiga Simba 5-1, na mawili kati ya yale matano alifunga Maxi Nzengeli, Mkongomani aliyetua kwetu akitokea Maniema Union ya Kindu. Kwa hesabu zangu, mtu anayeingia Kongo na habari kama hiyo hapaswi kujinunulia soda.

Kutoka Kigali basi hupanda na kushuka vilima mpaka Rubavu, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Wanaovuka mpaka kwa miguu hupita Petite Barrière, na asubuhi pale utadhani soko limeanza kutembea: kina mama na mabeseni ya nyanya, vitunguu na karoti kichwani, walemavu wakisukuma baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni magunia, wanafunzi, mafundi, wachuuzi wa mayai. Ukishagongewa mihuri, hatua chache tu unakanyaga mawe meusi. Goma imejengwa juu ya moto uliopoa. Volkano ya Nyiragongo ilitapika Januari 17, 2002, uji wake ukakatiza katikati ya mji na kufunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege. Ikatapika tena Mei 22, 2021, safari hiyo uji ukasimama kabla ya kuufikia uwanja wa ndege. Kuta za nyumba ni mawe hayohayo, na vumbi linaloganda kwenye viatu ni jeusi.

Kinachomchanganya Mtanzania barabarani ni magari. Kongo wanaendesha upande wa kulia, lakini sehemu kubwa ya daladala za Goma zimetoka Japani na usukani wake uko kulia vilevile. Mlango wa abiria basi unafungukia katikati ya barabara. Kondakta anaruka chini kwanza, ananyoosha mkono kuzuia pikipiki, ndipo abiria wanashuka mmoja mmoja. Ubavuni maandishi ya Kijapani hayajafutwa: shule ya chekechea ya mji fulani, duka la maua, kampuni ya mabomba. Nilikuwa sijui kwamba Japani hiyo ya ubavuni ingenifuata mpaka kwenye mazungumzo ya mpira.

Ilinifuata kwa kambisti. Goma nzima huwaita hivyo wabadilisha fedha wa kando ya barabara, wanaokaa chini ya miavuli na mabunda ya faranga yaliyofungwa mpira. Dola na faranga ya Kongo zinatembea pamoja, lakini dola ya Goma lazima iwe nzima. Kijana niliyemkuta alikuwa amevaa jezi ya zambarau iliyopauka. Aliichukua noti yangu ya 20, akaielekeza juani, akapitisha ukucha kwenye pindo moja baada ya jingine, akasimama mahali ambapo mimi sikuona kitu.

"Hii iko na kapasuko, yaya. Hapa hakuna mwenye atakamata."

Nikampa nyingine. Wakati anahesabu nikasoma kifuani kwake: Sanfrecce. Nikamwuliza jezi hiyo ameitoa wapi, nikitegemea anijibu kwamba ni ya mtumba tu, hajui ya nani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Ya Hiroshima. Njo ilitupiga tatu."

Kumbe ni mtu wa Mazembe. Desemba 2015 TP Mazembe ilikwenda Japani kwenye Kombe la Dunia la Klabu ikiwa bingwa wa Afrika, baada ya kuifunga USM Alger nyumbani na ugenini. Kikosi kile sisi Watanzania tunakikumbuka kwa ajili ya Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Wao wanakikumbuka kwa sababu walikuwa na hakika. Miaka mitano nyuma, Abu Dhabi, Mazembe iliwatoa Pachuca na Internacional ya Brazil ikacheza fainali na Inter Milan, klabu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, na kipa Kidiaba akaionyesha dunia nzima jinsi ya kushangilia bao kwa kudunda na makalio. Basi Jumapili ya Desemba 13, 2015, Osaka, walitegemea Wajapani wawe ngazi ya kupandia kwenda kukutana na River Plate. Sanfrecce Hiroshima wakafunga moja kabla ya mapumziko, la pili kupitia Chiba, na la tatu Takuma Asano. Tatu bila.

Kijana alikuwa bado mwanafunzi. Anasema alilia, halafu akaanza kuwafuatilia waliomliza. Mwanzoni alitaka tu kuona nao wanafungwa. Baadaye kubeti kukaingia, kwa sababu ligi ya Japani inachezwa saa ambazo Ulaya imelala: mechi ya saa nane mchana kwao ni saa moja asubuhi Goma, kabla hajafungua mwavuli. Kisha, kama ilivyo kwa mashabiki wengi, siku moja akagundua kwamba timu ikifungwa, hasara ya mkeka haimuumi kuliko kufungwa kwenyewe.

Chini ya bunda la faranga alikuwa na daftari la shule. Kurasa za mbele zina viwango vya kubadilishia fedha vya kila siku. Nyuma kuna timu zake: Mazembe, Dauphin Noir ya Goma, na Sanfrecce. Ukurasa wa Sanfrecce ulikuwa umejaa kwa kalamu ya wino. Msimu wa Japani wa 2024 ulikuwa haujaanza, ungeanza Februari 23, na tayari alikuwa ameorodhesha raundi zote 38 mpaka Desemba 8. Nikafungua wa Dauphin Noir. Wote umeandikwa kwa penseli, umefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi imekuwa laini, na baadhi ya mistari ina jina la mpinzani lakini haina tarehe.

"Huu mbona umeufanya hivi?"

"Ile ya Goma ukiandika na bic, utaharibu kaye."

Sisi Tanzania tunaijua mechi ya kiporo. Timu ikiwa na mashindano ya Afrika, mchezo wake wa ligi unasogezwa, na kwenye msimamo unaona wenzake wamecheza 15 yeye 13. Tunabishana wiki nzima kama viporo vile ni pointi mfukoni au ni deni. Kwenye daftari la kambisti karibu kila timu ya mashariki ilikuwa na kiporo, na haikuwa kwa ajili ya mashindano ya Afrika.

Sababu inaonekana ukifungua ramani. Kongo ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3. Kutoka Goma, mpinzani pekee wa karibu unayemfikia bila kuruka angani ni wa Bukavu, na huko unakwenda kwa meli kupitia ziwani. Kwingine kote, Lubumbashi, Kindu, Mbuji-Mayi, Kinshasa, hakuna barabara itakayokufikisha ukiwa bado na miguu ya kucheza mpira. Ni ndege, na ndege inataka fedha taslimu kwa wachezaji, makocha, daktari na mizigo. Klabu ambayo haina tajiri husubiri mfadhili, mfadhili husubiri wizara au gavana, shirika la ndege halimsubiri yeyote. Kwa ajili hiyo msimu wa 2023/24 ligi ya taifa, Linafoot, iligawanywa makundi mawili, bingwa atafutwe baadaye kwa mchujo wa walio juu. Msimu uliotangulia, wa 2022/23, ulikwama njiani ukafungwa bila bingwa. Hebu fikiri: timu imekimbia, imefunga, imeumia, na mwisho wa yote kombe halina pa kwenda.

Ndiyo maana nilipomwuliza kambisti Dauphin Noir iko katika hali gani nusu msimu huu, hakutaja pointi. Alianza na malipo: wachezaji wamelipwa mwezi gani mara ya mwisho. Akaja kwenye safari: mechi ngapi za ugenini zimebaki, na ngapi kati ya hizo zinahitaji ndege. Akataja nani kaondoka dirisha dogo na kaenda nchi gani. Mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, akasema: "Na mpira, wanacheza muzuri."

Jioni alinipeleka Stade de l'Unité. Hapakuwa na mechi. Nje ya ukuta vijana walikuwa wanacheza kwenye ardhi ya mawe, goli ni matofali mawili, mmoja peku na mwenzake kiatu kimoja. Mawe ya volkano hayasamehe. Anayeanguka anainuka na mchubuko unaotoa damu papo hapo, kwa hiyo hakuna anayejiangusha kutafuta penalti. Wanacheza wima, pasi fupi, kifua mbele ya mpira, wakikwepa kugusana. Nikaelewa mahali ambapo Maxi, ingawa yeye si wa Goma, anaweza kuwa amepata ile tabia ya kupokea mpira katikati ya watu watatu bila kuyumba: viwanja vya nchi hii vinafundisha kubaki umesimama.

Tulikaa kwenye kibanda cha sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na mwalimu mstaafu ambaye kijana alimwita papa, nami nikamwita hivyohivyo. Yeye ni wa Saint-Éloi Lupopo, mahasimu wa Mazembe pale Lubumbashi alikosomea, na mtu wa Lupopo akikuta mtu wa Mazembe akilalamika kuhusu Hiroshima, anakuwa na la kusema. Alilisema taratibu, akichambua mifupa ya samaki.

"Nyinyi munafikiri tulianza kujuana na Hiroshima mwaka wa 2015? Shinkolobwe iko wapi?"

Shinkolobwe iko Katanga, jirani na Likasi. Ni katika mgodi ule ilipotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima Agosti 6, 1945. Mzee hakuwa anatafuta huruma wala kuhubiri. Alitaka kijana ajue kwamba jezi aliyovaa ni ya mji uliounguzwa kwa jiwe la kwao, na kwamba mji huo leo una timu yenye ratiba mpaka Desemba. Tena mwezi uleule wa Februari 2024 Hiroshima walikuwa wanafungua uwanja mpya katikati ya jiji, usio mbali na bustani ya kumbukumbu ya amani. Kijana alikuwa anazijua habari za uwanja. Za urani hakuwa anazijua. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama Lupopo wamewahi kucheza Japani. Mzee akaagiza sambaza nyingine.

Zamu yangu ilifika. Wote wawili walitaka kuzungumza juu ya Tanzania, na walianza na pale panapouma. Kwenye AFCON iliyokuwa inaendelea Ivory Coast tulikuwa kundi moja, F, pamoja na Morocco na Zambia. Tuliongoza dhidi ya Zambia kwa bao la Simon Msuva mpaka dakika za mwisho, Patson Daka akasawazisha. Januari 24, Korhogo, tukatoka 0-0 na Kongo, tukarudi nyumbani. Wao walitoka sare mechi zote tatu, wakapita na pointi tatu, wakaitoa Misri kwa penalti 8-7, kipa Lionel Mpasi akipiga ya mwisho mwenyewe, kisha wakaifunga Guinea 3-1.

"Mutanzania, mulitupatia pointi moja. Aksanti sana," alisema mzee, na kibanda kizima kikacheka.

Nikajitetea kwa Yanga. Nikawatajia Fiston Mayele, mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la Afrika 2022/23 akiwa Jangwani, aliyeitetemesha Dar nzima kabla ya kwenda Pyramids ya Misri. Nikamtaja Djuma Shabani, Yannick Bangala, Tuisila Kisinda, Mukoko Tonombe. Kwa upande wa Simba nikamtaja Henock Inonga, ambaye wakati huohuo alikuwa Ivory Coast na timu ya taifa, na Jean Baleke, aliyekuja kwa mkopo kutoka Mazembe na ambaye Simba walikuwa wameachana naye Januari ileile ingawa alikuwa anafunga. Niliyataja majina yale kama mtu anayehesabu zawadi alizowapa wenyeji wake. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua banakuja kwenu juu ya nini?"

Nikasema mishahara, mashabiki, uwanja kujaa.

"Juu ligi yenu inaisha."

Nimeandika habari za usajili kwa muda mrefu, na sijawahi kusikia maelezo mafupi kama hayo. Mchezaji ana miaka kumi ya kufanya kazi, labda kumi na miwili. Msimu mmoja ukiyeyuka bila bingwa, kwake ni sehemu ya kumi ya maisha ya kazi imeondoka bila takwimu, bila nafasi ya Afrika, bila video ya kumwonyesha wakala. Anakwenda mahali ambapo tarehe ya mechi ikitangazwa, mechi inachezwa. Kumbe Yanga na Simba, pamoja na kelele zetu zote, tunauza kitu ambacho hatujui kwamba tunakiuza: mwisho wa msimu.

Usiku wa Februari 7 tulikuwa kwenye baa moja ya mtaa wa Himbi. Nusu fainali dhidi ya wenyeji Ivory Coast ilikuwa saa nne usiku kwa saa za Goma. Siku zile vita vya waasi wa M23 vilikuwa vimesogea mpaka Sake, kilomita 25 hivi magharibi. Mchana nilikuwa nimeona watu wakiingia mjini kwa barabara ile, magodoro yakiwa juu ya chukudu, zile baiskeli kubwa za mbao zinazobeba chochote Goma, kuku wamefungwa kwenye usukani, watoto wakishika mkia wa mzigo wasipotee. Makambi ya Bulengo na Lushagala yalikuwa yamejaa tayari. Barabara ya Rutshuru ilikuwa imekatika zamani, ya Masisi inakatika, na sokoni bei ya makaa na maharage ilikuwa inapanda kila asubuhi. Mhudumu alituambia jibini haipo, kwa sababu ng'ombe wa Masisi wako upande wa pili.

Wimbo wa taifa ulipopigwa Abidjan, wachezaji wa Kongo hawakuweka mkono kifuani. Kila mmoja alifunika mdomo kwa kiganja kimoja, na mkono wa pili akaelekeza vidole kwenye panja kama bastola. Chancel Mbemba, Bakambu, Wissa, wote, na kocha Desabre pamoja nao. Ilichukua sekunde kadhaa baa kuelewa. Kisha mwanamke aliyekuwa anakaanga samaki mlangoni akaacha mwiko, akafanya vilevile, na meza moja baada ya nyingine zikafuata. Risasi na mdomo uliozibwa: watu wa pale hawakuhitaji mtangazaji awafafanulie. Kwa miaka mingi walikuwa wamelalamika kwamba wanauawa na dunia haisemi neno, na sasa dunia ilikuwa inatazama, kwa sababu ya mpira.

Sébastien Haller alifunga dakika ya 65, na ikaisha 1-0. Nilitegemea matusi, kama ambavyo ningeyasikia kwetu. Niliyoyasikia yalikuwa mahesabu. Nani aingie badala ya nani siku tatu baadaye kwenye mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, Afrika Kusini wachoke au wasichoke. Kambisti alikuwa ameiandika nusu fainali ile kwa wino. Aliiwekea matokeo, akapiga mstari chini yake, akafunua ukurasa.

Nilirudi nyumbani msimu ukanoga. Februari 24 Yanga ikaipiga Belouizdad 4-0, tukaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, tukatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti. Mazembe, ikiwa tena chini ya Lamine N'Diaye, Msenegali yuleyule wa Abu Dhabi 2010, ilifika nusu fainali ikafungwa na Al Ahly, na mwisho ikachukua ubingwa wa Kongo. Mmiliki wake, Moïse Katumbi, alikuwa ameshindwa uchaguzi wa urais Desemba 2023. Uwanjani walau alipata kitu.

Kambisti akawa ananitumia ujumbe wa sauti. Ligi ya Japani ilipofika katikati, alinipa tathmini ya Sanfrecce ambayo ningeweza kuichapisha bila kugusa neno. Kocha Michael Skibbe, Mjerumani, ana timu inayokaba vizuri, lakini mwanzoni walitoka sare nyingi mno. Sare ni pointi moja inayojifanya ni sifa. Wanaoongoza ni Machida Zelvia, waliopanda daraja mwaka uleule na hawajawahi kucheza ligi kuu, na aibu ya kuachwa na wageni imewakaa wakubwa wote. Baya zaidi, dirisha la katikati ya msimu limewapokonya Yuki Ohashi, mfungaji wao, aliyekwenda Blackburn, na kiungo Takumu Kawamura aliyekwenda Salzburg. "Wanauzisha bachezaji katikati ya msimu sawa sisi," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya ajabu. Lakini alikuwa na matumaini. Kawabe karudi kutoka Ulaya, Tolgay Arslan kaja, na ratiba iliyobaki anaijua yote.

Alikuwa sahihi karibu mpaka mwisho. Sanfrecce walishinda mfululizo, wakashika uongozi, kisha wakatetereka. Desemba 8, siku aliyokuwa ameiandika kwa wino tangu Februari, walifungwa 3-1 na Gamba, katika mkoa wa Osaka, na ubingwa ukaenda Vissel Kobe. Alinitumia ujumbe mfupi: Osaka imetulipia.

Januari 27, 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, na mji ambao mpira wake wa ligi ulikuwa ukitegemea ndege ukabaki bila ndege. Ilikuwa tena nusu msimu. Mechi ya ligi ya taifa haiwezi kuchezwa mahali ambapo mpinzani hawezi kutua na mwenyeji hawezi kuruka. Siku nyingi baadaye kambisti alinijulisha kwamba yeye na familia yake ni wazima na kwamba amerudi chini ya mwavuli, kwa kuwa benki zikifungwa ndipo watu wanapomhitaji zaidi. Nikamwuliza daftari. Akasema ukurasa wa Dauphin Noir upo, hajaufuta.

Mwaka uleule Dar ikapata yake. Dabi ya Yanga na Simba ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ileile ya mchezo kwa mzozo ulioanza kwenye mazoezi ya usiku wa kuamkia mechi. Tulibishana miezi mitatu nani apewe pointi za mezani, mpaka ilipochezwa Juni 25 na Yanga kushinda 2-0. Nilishangilia, nisiseme uongo. Lakini katika miezi ile kila aliyeniambia kwamba mechi moja si kitu, ligi itaendelea tu, nilikuwa namkumbuka mwalimu wa Lupopo. Wachezaji wanaotufuata kutoka ng'ambo ya ziwa hawaji kufuata majukwaa yetu ya kijani na mekundu. Wanafuata tarehe inayoheshimiwa, na tarehe ni mali inayotumika haraka kuliko fedha za usajili.

Siku hizi nikifungua msimamo wa ligi yoyote, jicho langu haliendi tena kwenye pointi. Linaanza na safu ya kwanza baada ya jina la timu, ile ya mechi zilizochezwa, ambayo zamani nilikuwa naiona ni ya kujazia karatasi. Kama namba za safu hiyo zinalingana kutoka juu mpaka chini, najua kuna watu wengi nyuma ya pazia wamefanya kazi yao, na hapo ndipo ninaposhuka kutafuta Yanga iko nafasi ya ngapi.